Mbio za Kumwacha Mtazamwa

Nchi yenyewe iliitwa Usoni, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana mchora ramani alipofika hapo kalamu ilimwishia wino. Ilikuwa nchi nzuri, yenye ziwa, yenye mpunga, na yenye wimbo wa taifa wa beti nyingi kuliko madarasa. Watu wake walikuwa wapole. Sheria yao ilikuwa moja tu, nyingine zote zilikuwa vitoto vyake: raia asimpe mgongo Mtazamwa.

Mtazamwa ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika, na aliyelisahau wa kwanza ni yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutazamwa. Akifungua zahanati, anatazamwa. Akila muwa, anatazamwa. Akisinzia bungeni, wabunge wanamtazama anavyosinzia, na taarifa ya bunge inaandika kwamba hoja imejadiliwa kwa kina. Mtu akimaliza shida yake mbele yake huondoka kinyumenyume, uso kwake, mpaka agonge ukuta. Ndiyo maana watu wa Usoni walikuwa na manundu kisogoni, na hospitali kuu ilikuwa na wodi ya visogo, iliyofunguliwa na Mtazamwa mwenyewe. Siku ya ufunguzi wagonjwa walitoka vitandani kumshukuru, wakaondoka mbele yake kwa adabu, wakarudishwa wodini kabla ya chai.

Majumbani nako picha yake ilitundikwa sebuleni, kwa hiyo familia nzima ilitembea ubavuubavu kama kaa. Watu wakazoea. Mtu huzoea jamani. Hata kijiwe kwenye kiatu, ukikaa nacho sana, siku kikidondoka unachechemea.

Kando ya ziwa, katika mji wa Kyombo, aliishi fundi cherehani mmoja, jina lake Atupele. Mumewe, Ambakisye, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kata. Sasa mwalimu wa kwaya husimama wapi? Si mbele ya kwaya? Na akisimama mbele ya kwaya, mgeni rasmi anamwonaje?

Siku Mtazamwa alipokuja Kyombo kuzindua daraja, ambalo mto wake ulikuwa bado unatafutiwa mfadhili, kwaya iliimba. Umati wote ulimtazama Mtazamwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeitazama kwaya. Alikuwa anapunga mikono, anatabasamu, anamwonyesha mkewe, mmoja wa waimbaji, kwa nyusi kwamba, mama, sauti ya kwanza mmepandisha mno. Wakamchukua kabla ya ubeti wa mwisho, mikono bado iko juu.

"Kosa lake nini?" Atupele aliuliza, mtoto mgongoni.

"Amempa mgongo," ofisa alisema.

"Lakini baba, yule anaongoza kwaya! Akimtazama Mtazamwa, kwaya itamtazama nani?"

Ofisa alikuwa mtu mwema. Alilifikiria swali lile mpaka jasho likamtoka. "Dada yangu," akasema, "swali lako ni zuri sana. Ndiyo maana silijibu."

Ambakisye alipelekwa Kambi ya Mgeuzo, huko wanakogeuza watu. Kila Atupele alipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa moja: bado anageuzwa. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena, mtu bado anageuzwa. Mtu gani huyo, mzito hivyo wa kugeuka? Mwisho Atupele akaacha kuuliza. Kungoja hakuacha.

Akabaki na binti yake, Sekela, akamlea palepale mgongoni. Kwingine kote duniani mgongo si kosa, ni kitanda cha mtoto. Atupele alikuwa akiinama tu, bila kusema neno, mgongo ameuelekeza kwa mwanawe, Sekela anajua: njoo, panda. Popote alipo anakuja mbio, anarukia. Hata alipokuwa msichana mkubwa, miguu inaburuta chini, mama akiinama kuokota uzi yeye anarukia.

"Shuka we, utanivunja kiuno!"

"Si umenipa mgongo? Umeniita mwenyewe!"

Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao. Nchi nzima mgongo ulimaanisha kambi. Nyumba ile mgongo ulimaanisha njoo.

Kisha Sekela alikuwa na tabia ya kumkodolea mama yake macho, muda mrefu, mpaka Atupele anauliza, "Nina masizi?" Naye anajibu, "Hapana. Nilipokuwa mgongoni nilikuwa naona kisogo chako tu. Sasa nafidia."

Basi habari zikafika kwamba Usoni imechaguliwa kuwa mwenyeji wa Mashindano ya Kimataifa ya Vijana ya Kupiga Makasia. Nchi ikashangilia siku nzima. Hakuna aliyeuliza mashindano hayo ni ya namna gani. Walijua wataalikwa watu kutoka nje, na watu kutoka nje wana macho, na macho ni ya kumtazama Mtazamwa.

Sekela na rafiki yake Bupe walikuwa wepesi wa kasia kuliko vijana wote wa ziwa lile. Wakachaguliwa kuiwakilisha nchi, wawili katika boti moja, boti nyembamba kama ganda la kunde. Atupele alifurahi, kisha akaogopa, kwa mpangilio huohuo ambao mzazi yeyote wa Usoni hufurahi.

"Mwanangu, achana na mambo ya mbele za wakubwa. Medali siitaki mimi. Nakutaka wewe, jioni, hapa, unanimalizia mboga."

"Mama, si unaijua desturi? Mshindi huulizwa haja yake moja na Mtazamwa mwenyewe, mbele ya wageni. Na mbele ya wageni hawezi kukataa."

"Utaomba nini?"

Sekela akaangalia cherehani. "Nitasema, Mtukufu, kule kambini kuna mwalimu wa kwaya. Naomba aje kumalizia ubeti wake."

Atupele akaweka kitambaa chini ya sindano. Alikanyaga cherehani akashona mshono mrefu ulionyooka, na alipoinua kitambaa akagundua kwamba sindano haikuwa na uzi.

Kwa ajili ya mashindano lilijengwa jukwaa la saruji kwenye ufuko, pale penye mstari wa kumalizia, ili Mtazamwa awaone washindi wakiwasili. Jukwaa lilikuwa kubwa hata samaki walihamia upande wa pili. Ndipo Waziri wa Heshima, Michezo na Mengineyo, Mheshimiwa Sifuni Mapambio, akaja kukagua mazoezi. Alikuwa amebeba hotuba mkononi, kwa sababu hakuwahi kukutana na tukio lisilostahili hotuba.

Boti ya Sekela na Bupe ikaja kasi kutoka katikati ya ziwa kuelekea jukwaani. Waziri akatabasamu. Ikakaribia, tabasamu likapungua. Ilipofika, alikuwa amekaa kwenye saruji, anajipepea kwa hotuba yake.

"Nyie watoto," akanong'ona, "mbona mmekaa mgongo mbele?"

"Ndivyo mpiga makasia anavyokaa, Mheshimiwa," Bupe alisema. "Unavuta, boti inakwenda nyuma yako."

"Kwa hiyo mnakwenda mbele kwa kurudi nyuma?"

"Ndiyo."

"Na hamwoni mnakokwenda?"

"Hatuoni, Mheshimiwa. Tunaona tunakotoka."

Waziri akageuka kwa watu wake. "Falsafa hii ni ya hatari," akasema, "andikeni kwamba sikuisikia." Kisha akawauliza wasichana kama wasingeweza kukaa kistaarabu, uso mbele, kama watu kwenye basi. Wakamjaribia. Boti ikaenda kwenye matete.

Kamati ikakaa. Kamati ya Usoni ikikaa, hukaa kweli. Viti vilibaki na maumbo ya wajumbe. Azimio la kwanza: kwa kuwa migongo haiepukiki, migongo igeuzwe kuwa nyuso. Kila mpiga makasia, mwenyeji na mgeni, avae fulana ya njano yenye uso mkubwa unaotabasamu mgongoni, macho na meno, ili Mtazamwa aone anatazamwa. Kazi ya kushona ikaja kwa Atupele. Akashona nyuso, nyuso, nyuso, mpaka akawa anaota meno. Kuna uso mmoja alioupa nyusi zilizoinuka kidogo, kama za mtu anayesema sauti ya kwanza mmepandisha mno. Huo akautenga kwa ajili ya fulana ya Sekela.

Mtazamwa aliletwa kushuhudia jaribio. Kutoka ziwani zikatokea nyuso za njano, zote zinacheka, hazipepesi, zinakuja, zinakua, zinakuja. Kiongozi ambaye alikuwa ametazamwa maisha yake yote bila kutetereka alipandisha miguu kitini, akaikunja chini yake, akasema kwa sauti ya mtoto, "Waambieni waache kunitazama hivyo."

Hilo lilikuwa neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake. Likatangazwa kuwa siri ya taifa, na fulana zikafumuliwa.

Azimio la pili lilikuwa la Waziri Mapambio peke yake, na alipewa nishani kwa ajili yake. Jukwaa haliwezi kuhamishwa, ni saruji. Basi zigeuzwe mbio! Mwanzo uwe hapa jukwaani, na mwisho uwe kule, ziwani kabisa, karibu na maboya ya mpaka wa nchi ya ng'ambo. Wapiga makasia wataondoka kinyumenyume, nyuso zao kwa Mtazamwa, kama raia wema wanavyoondoka siku zote.

"Mabibi na mabwana," alisema kwenye redio, "wataalamu wanatuambia mchezo huu ulianzishwa nje. Nawauliza, nje wapi? Mchezo gani mwingine mtu huondoka kwa mkubwa akiwa bado anamtazama? Mchezo huu ni wetu! Tulikuwa tunaucheza nchi kavu!"

Watu wakapiga makofi mbele ya redio zao, na kwa mara ya kwanza, jamani, alikuwa amesema kweli.

Asubuhi ya mashindano Sekela alisimama mlangoni, mfuko begani.

"Mama, kile kitambaa cha njano kilichobaki, umeshakishona?"

"Nimejishonea gauni. Kitambaa cha serikali hakitupwi."

"Vaa hilo. Mimi nikiwa kwenye boti sioni ninakokwenda, naona ninakotoka tu. Kote huko nitakuwa natafuta njano."

"Watu wengi pale, utaniona wapi?"

"Nakujua mimi. Hata kisogo nakijua, nilikisomea." Akacheka, akaondoka ubavuubavu kwa ajili ya picha ya sebuleni, na alipofika uani akakimbia kama binadamu.

Umati ulijaa ufukweni, kati ya jukwaa na maji. Kwa sheria, wote walimtazama Mtazamwa, na kwa hiyo wote waliligeuzia ziwa mgongo. Watu wa Usoni hawakukosa uhondo lakini. Mtazamwa alikuwa amevaa miwani nyeusi, kubwa, na katika vioo vyake ziwa lote lilionekana, dogo, limepinda kama limemwagwa kwenye kijiko. Umati ukayafuata mashindano humo. "Kioo cha kulia, kioo cha kulia!" walinong'onezana. "Wasichana wetu wamepita kwenye kioo cha kulia!"

Bunduki ililia. Boti zikaondoka. Atupele, katika gauni lake la njano, alimwona mwanawe kwenye jicho la mtu aliyemchukua mumewe. Kwanza alikuwa kama panzi. Kisha kama mchwa. Kisha kama punje ya mtama, inayomeremeta. Nyuma karibu na jukwaa boti moja ya wageni ilikuwa haijakwenda popote. Kasia lao lilivunjika mwanzoni tu, na wasichana wenyewe walikuwa wanalia kwa lugha yao.

"Nani anashinda?" Mtazamwa aliuliza. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu akasikia.

"Ni wetu, Mtukufu!" Waziri aliruka. "Wale wadogo kabisa, kule mwisho!"

"Mbona wadogo?"

"Kwa sababu wako mbali, Mtukufu."

"Mbali na nani?"

Waziri akafungua kinywa. Hotuba ilikuwemo, lakini haikutoka. "Mbali na... mbali na hapa, Mtukufu."

"Hapa kuna nani?"

Waziri akapiga hatua moja kinyumenyume.

"Kwa hiyo," Mtazamwa alisema polepole, "mshindi ni yule anayenikimbia kuliko wote."

Nyaraka za Usoni zinaeleza kwamba Waziri Mapambio alizirai kwa heshima, uso juu.

Kule mwisho waamuzi wa kigeni, wasiojua lolote, walikuwa wameshawavisha Sekela na Bupe medali za dhahabu juu ya boti yao. Huku ufukweni hukumu ikatangazwa kwa vipaza sauti, na sauti husafiri vizuri juu ya maji. Dhahabu ya kweli wapewe waliobaki karibu na Mtazamwa. Wale wawili wa mbali wamepatikana na kosa la kumkimbia mkuu wa nchi. Warudi mara moja, wageuzwe.

Kesho yake gazeti liliandika USONI YAFURAHIA WALIOBAKI, na wale wageni wenye kasia lililovunjika waliulizwa haja yao moja, wakaomba kwenda kwao, wakapelekwa uwanja wa ndege kinyumenyume, medali shingoni, wanalia vilevile. Lakini hayo ni ya kesho.

Siku ile boti ya askari iliingizwa majini kuwafuata wasichana. Askari wakakaa uso kwa Mtazamwa, mshika usukani naye uso kwa Mtazamwa, wakawasha injini. Boti ikazunguka, ikagonga ufuko, ikazunguka tena.

"Warudi wenyewe," ikaamriwa. "Na wasimpe mgongo wakirudi."

Mzee mmoja karibu na Atupele akanong'ona, "Watarudije? Wakielekeza boti huku, migongo itakuwa huku."

"Ndiyo hivyo," mwenzake akajibu. "Wakienda wamemkimbia, wakirudi wamempa mgongo. Watoto wa watu hao wameshakwisha."

Atupele alikaza macho kwenye kioo cha kulia. Punje ya mtama ilikuwa imesimama. Makasia yametulia, wasichana wanatazama ufuko. Wanaona nini? Migongo. Migongo ya nchi nzima, imepangwa ufukweni kama magunia. Na katikati ya migongo ile, mmoja wa njano.

Ndipo akaelewa. Mgongo, katika nyumba yao, unamaanisha nini?

Kwenye kioo, kasia moja lilikuwa limeshazama. Pua ya boti ilianza kugeuka. Mtoto ameitwa. Mtoto anakuja kurukia.

Atupele aligeuka.

Aligeuka mwili mzima, mbele ya Mtazamwa na wageni na vipaza sauti, akampa mgongo wake wa njano uliotandazwa kama shuka. "Mama Sekela!" mwanamke aliyekuwa pembeni yake alilia kwa sauti ya chini. "Geuka, utatuponza!" Lakini yeye alikuwa ameliona ziwa. Zilikuwa zimepita zama tangu aone kitu kikubwa kwa macho yake mwenyewe, na lilikuwa pana, Mungu wangu, halikupinda hata kidogo.

Hakuita. Hakupunga. Alisimama tu, ameweka uso wake wazi kama mtu anavyoweka chakula, achukue wa kuchukua.

Kule mbali boti ikatulia. Ikakaa hivyo. Kisha ikarudisha pua yake ng'ambo, na makasia yakashuka, yakainuka, yakashuka. Yalikuwa mazito. Hayakuwa ya mashindano. Hivyo ndivyo mtu wa kasia anavyoondoka kwao: anakwenda asikokuona, na nyumbani kwake anakutazama njia nzima.

Nyuma ya Atupele askari walianza kumjia. Walikuja kinyumenyume, uso kwa Mtazamwa, wanajikwaa kwenye miguu ya watu, wanaomba radhi. Mmoja alifika. Mgongo wake ukagusana na wa Atupele, wakasimama hivyo, yeye anamtazama mkuu, mama anatazama maji.

"Mama, geuka," alisema. Sauti ilikuwa changa, haijazoea kuamrisha.

"Huko Mgeuzo, baba," Atupele aliuliza bila kugeuka, "waume na wake wanageuzwa pamoja?"

"Sijui, mama. Mimi nawafikisha getini tu."

"Haya. Nitauliza mwenyewe."

Maboya ya mpaka yalikuwa mekundu, yanacheza na mawimbi. Askari alihema. Akauliza kwa chinichini, midomo haitikisiki, macho bado yako jukwaani.

"Wameshavuka?"

"Bado."

"Geuka basi, mama, nami nina watoto."

"Najua, mwanangu. Ngoja kidogo," Atupele alisema. "Bado ananitazama."